Gauni la Bosi

Katika chumba kile cha kushonea, wanawake walikuwa sita na mwanamume mmoja, na haya zake zingewatosha wote saba. Mteja akimsalimu, aliijibu sindano. Wenzake walimtania kwa jina la Bwana Harusi, lakini Mama Pindo, mwenye chumba na cherehani zote, alimwita mwanangu tangu siku alipomfundisha kutunga uzi.

Sanamu la kujaribia nguo lilikuwa limevunjika, na kwa kuwa mabega ya Bwana Harusi yalikuwa membamba, yeye ndiye aliyevalishwa magauni yabanwe pini. Siku hiyo alisimama juu ya kigoda, ndani ya gauni jeupe la harusi, mara hodi. Akaingia baba mkwe wake.

Sasa, mzee huyo alikuwa ameambiwa kwamba mkwe wake ndiye bosi wa pale. Mtu mwenye haya nyingi huwa na uongo mmoja mnene, na wa huyu ndio uliompatia mke.

"Shikamoo, baba," akasema.

Mzee alikuwa analitazama gauni.

"Wanawake hawa hawana adabu, baba. Nimekuja kukagua kazi, wakanivika kwa nguvu. Leo nawafukuza wote."

Cherehani zikanyamaza. Mama Pindo akainuka polepole, akainamisha kichwa.

"Tusamehe, bosi."

Na wale wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Mzee akaridhika, akaaga.

Bwana Harusi akangoja wacheke. Hakucheka mtu. Mama Pindo akapiga magoti, akaanza kumtoa pini taratibu, asimchome.

"Inua mkono, bosi," akasema, ingawa mzee alikuwa ameshaondoka.

Heri angemchoma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, akatamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi haikuwa na haraka naye. Akaruka kutoka kigodani, akatoka mbio, pini zikimdunga mbavuni, barabara nzima imemkodolea macho, mpaka akamfikia mzee.

"Baba, nimekudanganya. Bosi ni yule mama. Mimi navalishwa tu magauni. Yeye ndiye anayetulisha, mimi na mwanao."

Mzee akakohoa, akatazama kando.

"Nimesikia," akasema, akaenda zake bila kumpa mkono.

Bwana Harusi akarudi uso chini, asithubutu kuvuka kizingiti. Mama Pindo alisimama mlangoni, akilitazama pindo lililogeuka rangi ya udongo.

"Gauni hilo utalifua mwenyewe," akasema, "mwanangu."