Ndoo Iliyonyamaza Mlangoni kwa Mama Yunisi

Hili lilitokea. Sijui namna nyingine ya kuanza. Nimeliandika mara nyingi nikachana karatasi, maana shule niliishia darasa la saba, na pia kila nikiandika najikuta najitafutia pazuri pa kusimama. Leo nitajaribu kuwa wa haki.

Tunakaa mlimani huku upande wa Sibwesa. Nyumba zimefuatana na njia moja inayoshuka mpaka kijitoni, na yangu ndiyo ya juu kabisa. Kwa hiyo kila alfajiri mimi ndiye ninayeanza kwenda maji. Nashuka nagonga ndoo yangu ya bati kwa kijiti, na nikifika mlangoni kwa mtu nagonga kwa nguvu, anatoka, tunashuka wote. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Ni mazoea tu.

Ila mlango mmoja nilikuwa naupita kimya. Wa Mama Yunisi. Mbuzi wake walikula miche yangu ya tumbaku, nikaenda kumlalamikia, akanijibu mbele za watu, "Ungezungushia miiba, mwenzangu. Mbuzi hajui kusoma." Watu wakacheka. Kwa haki niseme, kweli sikuwa nimezungushia miiba. Lakini tangu hapo nikifika kwake naweka kiganja kwenye ndoo isilie, napita, halafu naanza tena kugonga kwa jirani wa chini yake. Yeye akawa anakwenda maji peke yake, jua limeshachomoza.

Ile siku ya mafuriko kwetu haikunyesha hata tone. Mvua ilikuwa nyuma ya mlima. Ilikuwa mchana, watu wameshakula wamejipumzisha ndani. Mimi nilikuwa juu porini, mzigo wa kuni tayari kichwani, nikasikia mlio kama wa lori linapanda mlima. Nikageuka. Maji yalikuwa yanashuka na korongo, mekundu, yamebeba miti mizima.

Nikafungua mdomo nipige yowe. Niamini, haikutoka sauti. Miguu nayo ikakataa. Hapo ndipo nikasikia ndoo.

Ndoo yangu. Ina ufa, inalia kama mtu anayekohoa, siwezi kuikosea. Nikaangalia chini, nikamwona mwanamke anatoka uani kwangu, kajifunga kitenge changu cha kijani. Nikajishika kiunoni. Kitenge kipo. Na yeye anacho. Anatembea kama mimi, mguu wa kushoto unachelewa kidogo kwa sababu niliwahi kuvunjika. Wewe umewahi kuuona mgongo wako? Mimi nimeuona.

Aligonga kwa Baba Elia, wakatoka. Aligonga kwa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakatoka na watoto. Kila aliyetoka alisikia ngurumo ya maji, akakimbilia juu. Halafu yule mwanamke akafika mlangoni kwa Mama Yunisi. Akaweka kiganja kwenye ndoo. Akapita.

Sasa aibu yangu iko hapa. Siyo kwamba nilishindwa kupiga kelele, hofu inaweza kumfunga mtu yeyote. Aibu yangu ni kwamba sikushangaa. Kumwona mwanamke mwenye mwili wangu kulinisisimua mpaka nywele. Ila alipoupita ule mlango niliona sawa tu, ndivyo tunavyopita pale. Mpaka maji yalipofika ndipo nikakumbuka kwamba mle ndani mna watu.

Mama Yunisi alipona kwa kuparamia paa. Mama yake mzazi, bibi aliyekuwa haoni, hakutoka.

Waliokimbilia juu walinikuta nimesimama, kuni bado kichwani. Baba Elia akashika magoti, anahema. "Mama, una miguu ya swala wewe! Sasa hivi umenigongea, umeshafika huku na mzigo?" Wakacheka, watu ambao nyumba zao zilikuwa zinaondoka.

Baadaye walikuja vijana kutoka mjini kurekodi watu wanaosimulia mafuriko. Tukakaa kwenye darasa la shule ya kijiji. Kila aliyepewa simu yao aongee alisema ni mimi niliyemwokoa. Nikasema, "Sikuwa mimi." Mama mmoja akasema, "Mnaona unyenyekevu huo?" Wakapiga makofi.

Ndipo Mama Yunisi akasimama kule nyuma. Hakupaza sauti.

"Hata kwangu alipita. Nilimwona kwenye tundu la mlango. Nilisikia ndoo inakuja, nikamwambia mama, leo jirani kasamehe, anatugongea na sisi. Nikainuka nichukue ndoo yangu. Ya kwake ikanyamaza. Nikasema basi, mama, hayo maji ni ya wenyewe, sisi tukae."

Hakuna aliyepiga makofi.

Wapo wanaosema ni mzimu wa mlima uliochukua sura yangu. Mchungaji anasema ni malaika. Mwingine anasema nilishuka mwenyewe nikapanda tena, hofu ikanifuta akili. Siwezi kumbishia sana, ila kwa mguu wangu huu, na kuni kichwani? Na malaika, je, asingegonga milango yote?

Siku hizi Mama Yunisi ana kibanda chake huku juu, karibu na kwangu, na mlango wake ndio ninaoanza nao. Kwa muda mrefu hakutoka. Juzi katoka na ndoo, akasimama mbali, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Leo ni wewe?"

"Ni mimi, jirani."

"Hata siku ile ulikuwa wewe," akasema, akatangulia.

Nikamfuata.

Nyie mnaosoma, kama upo mlango mnaoupita kimya, kaugongeni kesho asubuhi. Siku moja kitu kitatoka uani kwako kimevaa sura yako, kinakwenda kutenda wema, na kitapita njia zako zile zile. Nyingine hakizijui.