Mfini Aliyepiga Makofi

Kaka yangu Beda hajawahi kukanyaga Ufini, lakini hapa Milanzi hakuna aliyemjua Mfini kwa undani kama yeye. Mfini mwenyewe anaitwa Urho Kalliosaari, mwigizaji wa filamu, mtu mwenye tuzo zake. Mwanzoni jina hilo lilitushinda, mwishowe tukambatiza Bwana Mkwe. Kwa nini Mkwe, nitasema, msinikimbize.

Mimi ni Silvana, mdogo wake Beda. Siku za kazi nauza migebuka, samaki wakavu wa ziwani, sokoni mjini, na Jumapili mchana nakaa mlangoni mwa banda la video la kaka yangu nikiingiza watu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Nimeyaona, na mengine nimeyasababisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kazi ya Beda ni kutafsiri filamu. Husimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, Wachina wakisema chao naye anakigeuza Kiswahili papo hapo. Sauti ya bibi anayo, ya mtoto anayo, ya mbwa mwenye njaa ndiyo usiseme. Ujanani alikuwa msomaji wa masomo kanisani, hadi padri alipomwita pembeni akamwomba apunguze kumwigiza Farao. Baba yetu alisema mdomo wa Beda utamlisha. Hakukosea sana.

Kisha zikaja santuri za video kutoka Dar, filamu zimeshatafsiriwa humo humo, na baada yake simu, kila kijana na sinema yake mfukoni. Banda likapoa. Ndipo Beda akapata kibarua cha ulinzi kwa injinia mmoja wa maji, Mfini, akakaa kwake miaka miwili. Injinia alipoondoka alimwachia koti zito, sufuria, na mfuko wa santuri kumi na moja. Filamu zote kumi na moja za mtu mmoja, huyo Kalliosaari, na juu ya makasha mengine kumechorwa majani ya dhahabu. Beda alitueleza kuwa majani hayo ni alama ya tuzo. Maandishi ya chini yapo, ila nayo ni ya lugha nyingine ya huko huko. Watafsiri wa Dar wasingezigusa.

"Mimi nakijua Kifini," Beda akatangaza. "Miaka miwili nyumbani kwa Mfini, mlitaka nijifunze Kichina?"

Tuliamini. Nani angebisha?

Akazipanga santuri kwa sura ya mwigizaji, kuanzia ile aliyo kijana mwembamba hadi ile aliyo mzee wa mvi, akazisimulia zote kama maisha ya mtu mmoja. Kwenye ya kwanza Bwana Mkwe anabeba magogo. Kwenye ya tatu yuko jeshini. Kwenye ya tano ni polisi, na kwenye ya sita, jamani, yuko jela. "Amesingiziwa," Beda akasema kwa sauti ya huzuni, na Eustaki wa bodaboda akasimama kuuliza jina la hakimu. Wanaume wakioneshwa uchi wamekaa kwenye chumba chenye mvuke, Beda alisema wanajifukiza, na akina mama wakatikisa vichwa kwa huruma. Kumbe mafua yako kila mahali.

Kitu kimoja tu tulikikataa. Kwenye filamu ya nne ziwa limeganda likawa gumu, gari linapita juu yake, na watu wanatoboa tundu kuvua samaki. Mvuvi mmoja wa Kirando aliyekuja kumtembelea dada yake alisimama akachukua kofia. "Beda, nakuheshimu," alisema, "lakini ziwa nimelijua tangu tumboni mwa mama yangu." Akatoka.

Jambo lililonitatiza mimi lilikuwa jingine. Bwana Mkwe si msemaji. Anafungua mdomo mara moja, anaufunga, naye Beda anazungumza dakika nzima. Nilimuuliza siku moja.

"Kifini ni kizito," akanijibu. "Neno moja linabeba mengi."

Sasa filamu ya saba. Hiyo watu waliiomba kila mwezi, na mimi niliilia kila mwezi, sioni haya kusema. Bwana Mkwe anashuka kwenye gari, theluji magotini, anaelekea nyumba ya mbao. Anasimama mlangoni. Anakunja magoti, anapiga makofi. Anapiga tena, taratibu, pumzi yake ikitoka moshi.

Banda zima lilishika vinywa. Kwetu Ufipa mtu hapigi hodi kavu kwa wakwe. Unachuchumaa nje, unapiga makofi ya heshima, na hunyanyuki mpaka mwenye nyumba akujibu kwa makofi yake. Mzungu huyu nani kamfundisha? Ndiyo maana tukamwita Bwana Mkwe. Basi mzee mmoja anafungua mlango, ndani kuna mwanamke analia karibu na jiko, na Bwana Mkwe anasema neno moja. Hapo Beda alishusha kipaza sauti karibu na koo.

"Baba, nimekuja," alisema. "Nilikosa. Mama alipozikwa sikuja kutupa hata gao moja la udongo. Sina la kujitetea. Namwomba mke wangu, na msiponipa, nitachuchumaa hapa nje mpaka baridi inimalize."

Milanzi nzima ilijua maneno hayo yalitoka wapi, ingawa hakuna aliyesema. Shemeji yangu Lucia, mke wa Beda, alikuwa kwao Kasense. Mama yake alifariki siku ya fainali ya mpira, banda limefurika mpaka madirishani, na Beda alisema ataenda mpira ukiisha. Mpira ukaenda hadi penalti. Alipofika Kasense watu walikuwa wananawa mikono, kaburi limeshafukiwa. Lucia hakurudi Milanzi. Njia ya kumrudisha ilikuwa wazi, aende akapige makofi mlangoni kwa mkwewe, Mzee Gaudensi, aombe radhi. Kasense si Ulaya, ni mwendo wa kutoka jasho tu. Lakini mwaka wa kwanza aliona aibu, wa pili akaona amechelewa, na ikafika miaka tisa. Lucia analima maharage, Beda anakula ugali wa moto kwangu na wa baridi kwake. Mimi nilishamsema mpaka nikachoka. Mwanaume mwenye maneno ya kila mtu duniani, ya kwake hana!

Mwaka jana, mwezi wa sita, mwanamke wa kizungu alisimama mbele ya meza yangu sokoni. Akanisalimu vizuri, akachagua mgebuka kwa kuunusa, nikampenda hapo hapo. Anaitwa Kaisa, kaja kwa mambo ya misitu, Kiswahili kajifunza Morogoro. Nikamuuliza kwao wapi.

"Ufini," akasema.

Nilipiga kelele mpaka jirani yangu akadondosha mizani. "Kaka yangu anakijua Kifini! Ana filamu za Kalliosaari zote! Njoo Jumapili, tutaonesha ya saba."

Kaisa alikodoa macho. Alisema Kalliosaari ni mtu mkubwa kwao, kapewa tuzo ya mwigizaji bora mara tatu, sasa ni mzee, anaishi karibu na ziwa na haigizi tena. "Na kaka yako kajifunzaje? Lugha yetu ni ngumu."

"Ana kichwa," nikasema, nimevimba kama chura.

Jioni nikampelekea Beda habari njema. Aliweka kijiko chini, akatazama ukuta.

"Silvana," alisema, "mimi sijui neno hata moja."

"La nini?"

"La Kifini. Hata salamu. Injinia alikuwa akiniambia 'Beda, geti' kwa Kiswahili."

Nitasema ukweli, nilitaka kumpiga na mwiko. Miaka saba! Machozi yangu, ya mama Marsiana na wajane wa jumuiya yetu, wote tumemlilia mtu kwa mambo ambayo hakuyasema. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Nikamwambia mwongo, mnafiki, nikamwambia na mengine yasiyoandikika. Hakujibu. Hapo hasira yangu ikapungua, kwa kuwa Beda asiyejibu sikuwahi kumwona.

"Jifanye mgonjwa," nikasema mwishowe. "Nitawaambia koo limevimba."

"Halafu Jumapili nyingine? Mzungu kapanga nyumba, Silvana, hajaja kutalii." Akashika kichwa. "Wakijua nimewadanganya kwa hili, nitafungua mdomo gani tena hapa?"

Kweli, kaka yangu hana shamba la maana wala ng'ombe. Ana mdomo. Mdomo huo ukikosa wa kuuamini, kwisha habari yake.

Jumapili banda lilijaa kuliko siku za fainali. Kaisa aliketishwa mbele, kwenye kiti chenye mto, na Eustaki akampa soda. Beda aliingia amevaa koti la injinia. Filamu ikaanza, naye akatafsiri, lakini sauti ilikuwa ndogo, na kila baada ya neno alitupia jicho kile kiti. Kaisa alikunja uso mara moja, mara mbili, kisha akatulia akiwa ameinamisha kichwa. Tukafika mlangoni. Bwana Mkwe akakunja magoti, akapiga makofi. Watu wakaanza kujifuta macho kabla ya maneno, kwa mazoea.

Maneno hayakuja. Beda alisimamisha filamu.

"Ndugu zangu," alisema, "Kifini sikijui. Sikukijua jana wala juzi. Yote niliyowaambia nimeyatoa kichwani. Huyu mama ndiye ajuaye." Akamwinamia Kaisa, akampa kipaza sauti kwa mikono miwili.

Kaisa aliutazama uso wa Beda, akatutazama sisi. Maskini, alitaka kukataa. Lakini Beda alishairudisha picha nyuma.

"Anasema," Kaisa akaanza polepole, "anasema, 'Leo baridi.' Na makofi, anapasha mikono moto. Hawa si wakwe zake. Yeye ni mtu wa serikali. Amekuja kuwaambia bwawa la umeme litafunika nyumba yao, wahame."

Mtu nyuma akasonya. Mwingine akasema kwa sauti, "Tapeli!" Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Eustaki akasimama. "Kwa hiyo na lile ziwa la kuganda ni uongo?"

"Hapana," Kaisa akasema. "Hilo ni kweli kabisa. Mimi mwenyewe nimepita juu yake kwa gari."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Kumbe jambo moja tulilolikataa ndilo lililokuwa la kweli! Hata Beda alicheka kidogo, kicheko cha mgonjwa. Nikadhani tumepona.

Ndipo mama Marsiana akainua fimbo yake, watu wakanyamaza. Huyo ni mzee wa jumuiya, haongei ovyo.

"Beda mwanangu," alisema, "kama mzungu alisema baridi tu, yale maneno ya kuomba mke ni ya nani?"

Beda alilamba midomo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimemsikia akijibu kwa niaba ya majambazi, wafalme na mapadri. Safari hii alijibu kwa sauti ambayo hata mimi ndugu yake nilikuwa nimeisahau.

"Ni yangu, mama."

"Basi unatuambia sisi kwa nini? Sisi tumekuoza? Kasense ni pale."

Jumatatu asubuhi alinigongea kabla jua halijashika. Amenyoa, amevaa koti. Alisema hawezi kwenda peke yake, nami nikasema sawa, ila nikifika sitafungua mdomo, nimeshaufungua vya kutosha. Tulipita mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, umande mweupe kwenye nyasi, baridi ile ya Ufipa ya mwezi wa sita inayong'ata masikio. Alikuwa akinung'unika maneno njiani, akiyapanga, akiyapangua.

Nyumba ya Mzee Gaudensi ilikuwa imefungwa, moshi unatoka jikoni. Mimi nikabaki kwenye ua wa mabua. Beda akaenda hadi mlangoni, akachuchumaa, na magoti yake yalilia nikayasikia. Akapiga makofi. Akapiga tena, taratibu, pumzi ikimtoka moshi.

Ndani kitu cha bati kikawekwa chini. Kisha sauti ya Lucia, karibu kabisa na mlango. Habari za Milanzi zilikuwa zimetutangulia, kama kawaida.

"Hayo ni makofi ya salamu," aliuliza, "au mtu anapasha mikono?"

Nilimwona kaka yangu akifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga njiani, hakusema hata moja.

"Ya salamu, Lucia," alisema. "Nimechelewa."

Beda hakunyanyuka. Nilisimama pale uani mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, nikiomba kwa watakatifu wote ninaowajua. Kisha kutoka ndani, dhaifu, kwa mikono ya mtu mzee sana, nikasikia makofi yakijibu.