Zamu ya Jina la Mendel

Mjomba wangu Manuel alitaka tarehe moja tu. Jiwe la kaburi la bibi yake, Zlata Grinspan, lilikuwa limepasuliwa na mizizi ya mkaratusi, naye akaamua kuweka jipya lenye majina mawili: la Zlata, na chini yake la mumewe Mendel, ambaye hakuna aliyejua alikozikwa. Mjomba ndiye aliyerithi jina la huyo Mendel. Manuel ni la kwenye vyeti vya serikali. Alitaka kujua babu yake alikufa siku gani, ili ichongwe kwenye jiwe, na ili kila mwaka ikifika siku hiyo amwashie mshumaa wa ukumbusho. Mpaka uzee ule alikuwa hajawahi kumwashia, na jambo hilo lilimkera.

Kazi akanipa mimi, kwa kuwa vyeti vya ukoo wetu vyote viko kabatini kwangu.

"Wewe Frida huna mume wala ng'ombe wa kukamua," alisema. "Nitafutie."

"Nina kuku."

"Kuku hawahesabiki."

Habari tuliyokuzwa nayo ni hii. Zlata na Mendel walitoka Bessarabia mwaka 1894, wakavuka bahari, wakapewa shamba hapa Las Acacias, jimbo la Entre Ríos, pamoja na majirani waliokuwa hawajawahi kushika jembe. Mwaka 1903 nzige walikula kitani na ngano yote. Mendel akavuka mto kwenda Santa Fe kutafuta kazi, homa ikamwua njiani, akazikwa na watu baki. Hivyo ndivyo Zlata alivyosema. Tarehe hakuipata, kwa hiyo mshumaa hakuwasha.

Zlata alibaki na binti wawili wadogo. Alilima mwenyewe, akawaoza binti zake wote wawili, na walipohamia nyumba za waume zao, zilizokuwa umbali wa kuitana, yeye alibaki kwake. Namkumbuka, alikufa nikiwa na miaka kumi na moja. Ijumaa jioni alitandika kitambaa cheupe, akabariki mishumaa ya Sabato, akala samaki na mkate peke yake. Bibi yangu Sime, binti yake mdogo, alikuwa akinituma kumwita.

"Mwambie bibi yako nimeshakula," alijibu kila mara, na sahani iko mbele yake haijaguswa.

Kulikuwa na mwanamume mgane, Shloime Kaplun, mwenye ng'ombe wa maziwa na tabia njema. Alimposa mara mbili. Mara ya pili alileta mwenzake wa sinagogi amwombee.

"Kaplun ana upungufu gani?" mshenga aliuliza.

"Hana. Ndiyo maana atapata mwingine."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea kimya."

Kaplun akaoa mwanamke wa mji wa Villaguay. Wanawake wakasema Zlata ana kiburi, anadhani ng'ombe wa Kaplun hawatoshi. Zlata aliwasikia, kwa maana walisemea dukani, naye akanunua sukari yake akaondoka.

Niliviandikia vyama vya mazishi vya Wayahudi wa miji ya Santa Fe na Rosario, nikiuliza juu ya mwaka 1903 na 1904. Majibu yakaja: hayupo. Mjomba akasema tuandike "alifia njiani" na yaishe. Mimi sikupenda jiwe lichongwe jambo la kukisia. Nikatoa vyeti vyote vya kuzaliwa, nikavipanga mezani kwa mfuatano wa miaka.

Kwetu, Wayahudi wa Bessarabia, mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Ni kama kumwambia mwenye jina aondoke. Lakini mtu akishakufa, mjukuu wa kwanza wa kiume anayezaliwa ndiye mwenye haki ya jina lake. Kumruka marehemu ni kumtukana. Sasa tazama wajukuu wa Zlata. Wa kwanza, 1912, aliitwa Leib, jina la baba yake Zlata. Wa pili, Aron, jina la babu wa upande wa pili. Wa tatu, Yakobo. Wa nne, 1924, alipewa jina la mjomba wa Zlata ambaye binti zake hata hawakuwa wamemsikia. Mendel hayupo.

Nilikumbuka mzaha ambao Bibi Sime alikuwa akiusimulia. Siku ya tohara ya yule wa nne jirani alisema, "Zlata, wafu wenu wamekwisha, sasa mtaazima wa kwetu. Mumeo amekosa nini?" Zlata akajibu, "Zamu yake bado." Watu wakacheka. Bibi Sime naye alicheka kila alipousimulia.

Kisha Februari 1929 akazaliwa mjomba wangu, na Zlata mwenyewe, bila kuulizwa, akasema, "Huyu Mendel."

Nilikaa pale mezani mpaka chai yangu ya yerba ikapoa. Kuna hadithi nyingine ya Bibi Sime ambayo nayo ilikuwa ya kuchekesha. Kitani kilipochanua, miezi michache kabla ya kuzaliwa mjomba, Zlata alirudi kutoka stesheni ya treni, zilikofikia barua, na ukosi wa gauni umechanika. Alisema umenaswa na seng'enge. Kisha akakaa juma zima nyumbani juu ya kigoda cha kukamulia, viti vipo, akidai mgongo unauma. Sisi tunamrarulia marehemu wetu ukosi, na tunakaa chini siku saba. Binti zake walijua hayo, ila waliamini baba yao alikwisha kufa zamani, wakampaka mafuta mgongoni.

Niliandika Rosario tena, mara hii nikiuliza juu ya mwaka 1928. Jibu lilirudi upesi, pamoja na siku kamili ya kufa: Mendel Grinspan, fundi cherehani, amezikwa Oktoba 1928, ameacha mke, Ana, na watoto watatu.

Mjomba alilisoma amesimama, kisha akaketi.

"Miaka ishirini na mitano," alisema. "Na Bibi alijua?"

"Angekuwa hajui kwamba yu hai, kaka yako mkubwa ndiye angekuwa Mendel."

"Kwa nini asiseme?"

"Angesema, binti zake wangeposwa na nani? Baba yao kakimbia. Na yeye asingepata kitu. Kwa sheria yetu, bila talaka kutoka mkononi mwa Mendel hangeweza kuolewa."

"Kwa hiyo Kaplun..."

"Ndiyo."

Mjomba alilikunja lile jibu. "Alikuwa akimlinda yule. Amemdanganya kila mtu kwamba amekufa, halafu hataki hata jina limguse."

"Labda alimsamehe. Alikupa jina lake."

"Alinipa mimi. Hakuniuliza." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Na mimi nimetembea nalo nikijisifu. Mtu wa nzige na homa, kumbe mtu wa cherehani na Ana."

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa don Bautista, mchonga mawe, aliyekuwa ameacha nafasi ya mstari wa pili.

"Tarehe ya mzee imepatikana?" aliuliza.

"Imepatikana," Mjomba alisema. "Andika Zlata binti Leib. Basi."

"Na mume?"

"Ana jiwe lake Rosario."

Jiwe likawekwa. Mjomba hakuzungumza nami tena juu ya habari ile. Ilipokaribia siku ya Mendel kwa kalenda yetu, niliona si haki kumkumbusha wala si haki kunyamaza, kwa hiyo nilinunua mshumaa nikauweka jikoni. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuja, akanywa yerba, akasema juu ya mvua na bei ya maziwa. Jua lilipoanza kushuka alisimama.

"Una mshumaa?" aliuliza.

Nikampa. Nilisogeza bilauri ya kuusimamishia ili auwashe pale pale mezani, lakini aliutia mfukoni mwa koti, akafunga kifungo.

"Nyumbani," alisema, akaenda kuuwasha peke yake.