Betri ya Kumtoa Bibi Harusi

Mimi ni muuguzi, naishi Pearland, kando ya Houston, na nina gari lisilo na adabu. Ni jekundu, la milango miwili na gia za mkono, na likiunguruma majirani hufunga madirisha. Wanawake wa rika langu wamenunua magari ya kubebea wajukuu. Kila mtu na kichaa chake.

Mdogo wangu wa kiume alipopata mchumba Arlington, mwendo wa saa nne kwa gari, akaniomba nimbebe bibi harusi. Nilifurahi mpaka nikajicheka. Ila wiki hiyo hiyo betri ikafa, nikaenda kutafuta nyingine.

Muuzaji aliniwekea mbili juu ya kaunta. Hii, akasema, ni ya kuwashia: hutoa nguvu nyingi kwa kishindo, sekunde chache tu, kisha inataka kupumzika. Ile ni ya mashua: hutoa kidogo kidogo, saa nyingi, bila kuchoka. Kwa injini kubwa kama yangu, akashauri, nichukue ya kuwashia.

Maskini, hakuzijua harusi zetu. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani hivi hivi. Wanawake wa upande wake hufunga lango, na sisi wa upande wa bwana harusi huimba nje mpaka waridhike. Arlington lango halipo, kuna mlango wa apatimenti, na huo pia hufungwa. Muziki ungetoka kwenye gari langu, injini ikiwa imezimwa, maana ikiunguruma nani atasikia wimbo? Kwa hiyo nilikuwa na swali moja: ipi itaimba zaidi? Akaonyesha ile ya mashua huku akitikisa kichwa. Nikainunua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini muuza betri tangu lini akawa mkuu wangu? Fundi wa spika naye akaweka spika kubwa kwenye buti, ambako ndiko betri ya gari langu hukaa, juu yake kabisa, akaifunga kwa boliti.

Padri alikuwa ametuonya mapema. Baada yetu kulikuwa na harusi nyingine, na tukichelewa, yetu ingesubiri siku atakayopata nafasi. Siku yenyewe mdogo wangu alikuwa tayari kanisani, akinitumia ujumbe mmoja baada ya mwingine.

Sisi tuliimba. Tulicheza kwenye lami ya maegesho mpaka vipodozi vikashuka shingoni. Ndani, mgumu kuliko wote alikuwa mama wa bibi harusi. Binti ni mmoja, na kwake Houston, alikokuwa anaolewa, ni mwisho wa dunia.

"Hatujawasikia!" alipaza sauti dirishani. "Imbeni tena!"

Betri haikulegea hata kidogo. Nilijivuna sana. Hatimaye mlango ukafunguliwa, bibi harusi akatoka, gauni lake likajaza gari lote. Nikageuza ufunguo.

Injini ikaguna mara moja, kama mtu aliyeamshwa bila sababu, ikanyamaza. Nikajaribu tena, kimya. Spika zikaendelea kuimba kwa furaha.

Binamu yangu akaja mbio na nyaya za kuazima umeme kwenye gari jingine. "Betri iko wapi?"

"Chini ya spika."

"Si utoe spika!"

"Imefungwa."

Aibu niliyoiona siku hiyo sijapata kuiona tena. Mtu akasema bibi harusi ahamishiwe gari jingine. Shangazi zake wakaruka: "Ashuke? Akishakaa hashuki! Mnataka mkosi?"

Ndipo mama yake akaja dirishani kwangu. "We auntie, hii ni manual ama automatic?"

"Ni manual, Mama."

"Basi tuna-push. Kwani mmesahau magari ya nyumbani?"

Shangazi wakavua viatu virefu, wakajifunga leso kiunoni. Wanawake wale wale waliokataa kumtoa asubuhi nzima sasa walikuwa wanamsukuma kwa mikono yao, huku wakihesabiana hatua. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likanguruma. Vigelegele!

Kanisa tuliliwahi, padri akiwa mlangoni na uso wa ndimu, na ndoa ikafungwa. Lakini kabla ya hapo, pale kwenye maegesho, wengine walipoachia, nilimwona mama wa bibi harusi kwenye kioo bado ameshika bawa la nyuma, lile la juu ya buti, anatembea haraka na gauni lake la dhahabu, miguu mitupu. Sikuthubutu kusimama, nikiogopa gari litazima.

Bibi harusi akatoa kichwa nje. "Mum, achilia!"

"Endeni tu! Mimi nimeshika kidogo."

Nikapunguza mwendo uwe wa kutembea, tukaenda naye hivyo mpaka mwisho wa maegesho. Pale barabarani gari likawa jepesi ghafla, na bibi harusi akaanza kulia.