Maji ya Mgongoni Mwangu

Nianze na aibu yenyewe, msije mkadhani naipamba: mimi, mwalimu wa darasa la nne, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, nilisimama mbele ya kanisa zima pale Malindi na gauni langu la rangi ya krimu, maji yakanitoka, yakatiririka mpaka sakafuni, na watu wote, kuanzia mzee wa kanisa hadi wanakwaya, wakaamini nimejikojolea. Wala hilo si baya kuliko yote. Baya zaidi ni kwamba kwa muda fulani nilitamani waendelee kuamini hivyo hivyo.

Ulikuwa mwaka ule shule zilipokuwa zinaingia mfumo wa nane-nne-nne, kila mtu ana haraka na vitabu hakuna. Miaka miwili kabla yake nilikuwa nimekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Hiyo haikuwa siri (kanisa liliniombea, na wifi yangu Dama, dadake mume wangu, alinikogesha kwa mikono yake mwezi mzima), na nilipopona nikafanyiwa ibada ya shukrani, pilau ikapikwa, mambo yakaisha. Kwa wenzangu yaliisha. Mimi ndani ya sidiria nilikuwa naweka kitambaa nilichokikunja na kukishona mwenyewe, na kazi ya mwalimu mnaijua, ni kuinua mkono ubaoni kutwa nzima. Nikiandika mstari wa juu kitambaa kinapanda, nikiandika wa chini hakishuki, na ikifika saa nne titi langu liko karibu na bega. Watoto hawakunicheka hata siku moja. Waliinamisha macho tu, darasa zima, na hilo ndilo lililonichosha. Sikuwa na utulivu. Kila baada ya dakika tano mkono uko kifuani, kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Siku moja nimekwenda Mombasa kuchunguzwa, daktari mpasuaji akaniambia ipo njia ya kutengeneza titi jingine. Angechukua msuli wa mgongoni pamoja na ngozi yake, auzungushe kupitia kwapani bila kuutenga kabisa, aulete kifuani, na chini yake aweke kifuko laini. Akanionya kwamba nitabaki na kovu mgongoni, kwamba titi jipya halitafanana sawasawa na mwenzake, na kwamba kupona kwake kunataka subira. Nilisikia yote isipokuwa hilo la subira.

Mume wangu Karisa (fundi wa mitambo kiwandani Kilifi, mtu wa maneno machache) alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sijakuomba titi."

"Najua. Ungeniomba, nisingekwenda."

Akakuna kidevu, kisha akauliza ni lini, ili aombe ruhusa kazini. Kwa mavyaa, mamake Karisa, nilipima maji kwanza, nikamsimulia kana kwamba ni habari ya mwanamke mwingine. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mungu amemwachia roho, mwanangu. Sasa anamdai na urembo?" Basi nikajua hapo hapafai.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe ulivyokuwa mdogo. Siku mbili kabla ya safari, Dama akanikuta napanga nguo kwenye begi.

"Safari ya wapi, wifi?"

"Mombasa, hospitali. Mgongo."

Neno moja tu. Nikajifariji kwamba si uongo, kwa kuwa kisu kitapita mgongoni kweli.

Nikapasuliwa, nikakaa wodini wiki mbili, nikarudi nyumbani na masharti: mkono wa kushoto usipande juu ya bega mpaka wiki sita ziishe, nisifagie, nisibebe ndoo, na maji yakijikusanya mgongoni chini ya kovu niende zahanati yakavutwe kwa sindano. Daktari alisema maji hayo ni ya kawaida, kidonda chenyewe huyatoa. Jambo ambalo hakuniambia (au aliniambia nikiwa bado na dawa ya usingizi) ni kwamba ule msuli ungeendelea kujiona uko mgongoni. Nikisukuma mlango, titi linaruka. Mgongo ukiniwasha, nikijikuna mgongoni sipati kitu, lakini nikijikuna kifuani, ah, nafuu inafika mgongoni moja kwa moja. Dama alinikuta hivyo mara mbili, nasema mgongo unawasha huku najikuna kifua, akanitazama kwa huzuni, nadhani aliona ugonjwa umepanda kichwani.

Na kwa kuwa ananipenda, akalichukua neno langu lile moja akalipeleka kwenye umoja wa akina mama. Siku ya tatu walikuja kumi na mmoja, wakaimba, wakaomba, halafu mmoja akasema mgonjwa wa mgongo halali kwenye godoro la sufi, na kabla sijapata la kujibu godoro langu limeshabebwa na mahali pake pamewekwa ubao wa mlango. Nina kovu bichi mgongoni lenye urefu wa shibiri, nami nimelazwa juu ya ubao. Karisa aliporudi akasimama mlangoni akiutazama.

"Waambie," akasema.

"Wakishaondoka roho zao zimetulia, nitawaambia."

Sikuwaambia. Wiki iliyofuata Dama akaleta mama mmoja kutoka Dabaso, Bi Mwanaisha, hodari wa kukanda viungo, tayari ameshapasha mafuta ya mbarika jikoni kwangu na mikono ameshaipaka. Nikaona akinigusa tu nimekwisha. Ndipo nikatoa uongo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza: "Ahsante, bibi, lakini nimeshapona. Siku ya pili hii sisikii maumivu kabisa." Na ili waamini, nikasimama, nikachukua ufagio, nikafagia ukumbi mzima mbele yao.

Dama akakaa kwenye kiti akalia kwa furaha. Akasema muujiza kama huu haufichwi, Jumapili nitatoa ushuhuda.

Siku zilizobaki sikukaa. Nilipanga sahani, nikazipangua, nikasahihisha madaftari ambayo si ya darasa langu. Mgongo nao ukaanza kuvimba. Nikiinama nasikia kitu kinahama ndani, kama maji kwenye dafu. Nilijua natakiwa zahanati, lakini muuguzi wa pale alikuwa anaimba kwaya na Dama, na nikimfunulia mgongo ataona na kifua. Nikasema nitakwenda Jumatatu, ushuhuda ukishapita.

Jumapili nikaitwa mbele. Nilikuwa nimepanga kusema sentensi mbili na kuketi, nikazisema, Mungu anisamehe, na watu wakapiga makofi. Lakini mchungaji alikuwa amefurahi kupita kiasi. Akasema, "Mwalimu, tuonyeshe. Inama." Nikainama kidogo. "Sasa inua mikono yote miwili, tumshukuru Mungu."

Nikainua wa kulia. Akaningoja. Kanisa zima likaningoja. Mama mmoja aliyekaa mbele alikuwa ameshainua yake, machozi yanamtoka, nami nikaona aibu kumwacha peke yake, nikainua na wa kushoto.

Nilisikia kitu kikiachia chini ya kwapa, taratibu, kama uzi wa mshono unaokatika. Halafu uvuguvugu ukashuka mgongoni, ukaingia kwenye shumizi, ukapita nyuma ya mapaja, ukaingia viatuni. Nikashusha mikono, lakini maji hayakusimama. Yalitanda juu ya saruji mpaka karibu na viatu vya mchungaji, naye akasogea hatua moja nyuma. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo; sauti zikapungua moja moja, ikabaki besi ya mzee mmoja ambaye hakuwa anatazama, kisha naye akanyamaza.

Dama akaja mbio na kanga, akanifunga kiunoni, akaninong'oneza, na minong'ono ya Dama husikika hadi mlangoni: "Usijali, wifi. Mgongo ukishikwa, mishipa ya mkojo hulegea." Mchungaji akasikia, akafumba macho, akaanza kuniombea kibofu.

Hapo ndipo nilipotamani waendelee kuamini. Nikafikiri: mkojo ni kitu cha mwezi mmoja, watu watasahau, nitahamia ibada ya alasiri. Lakini maji yalikuwa na rangi ya damu kidogo, Dama ameinama anafuta, na nikamwona anaitazama kanga yake, halafu ananitazama mimi, na uso wake umebadilika. Aliogopa. Alidhani ule ugonjwa umerudi.

"Si mkojo," nikasema. Mchungaji akafumbua macho. "Wala si mgongo. Niliwadanganya. Nimetengenezewa titi. Msuli wake umetolewa mgongoni, na haya ni maji ya kidonda."

Neno titi sidhani kama lilikuwa limewahi kutamkwa pale mbele. Mchungaji alishusha mikono polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Mzee wa kanisa akafungua kitabu cha nyimbo akawa anasoma kurasa. Nami nimesimama, sijui niketi au nitoke, viatu vinalia maji kila nikihama mguu.

Karisa akainuka upande wa wanaume. Akaja mpaka mbele bila haraka, akavua koti lake, akanifunika mabega. Alipompita mchungaji akamwambia, "Samahani, mchungaji. Mimi nilikuwa najua." Akanishika mkono wa kulia tukatoka.

Zahanati walinifunga kidonda, na kesho yake nikarudishwa Mombasa, kwa kuwa kidonda kilikuwa kimeanza kuingia uchafu. Daktari alikisafisha, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mwanafunzi asipofuata maagizo ya mtihani, wewe humpa ngapi?" Nilikaa siku nane. Titi lilinusurika. Limekaa juu kuliko mwenzake na kovu la mgongoni limekuwa pana, lakini naandika mstari wa juu ubaoni na wa chini, na mkono wangu haujui tena njia ya kifuani.

Kanisani nilirudi baada ya mwezi, nimejiandaa kuchekwa. Badala yake wanawake watatu walinivizia kwenye mlango wa nyuma, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja anauliza habari za titi kwa niaba ya rafiki yake. Wa tatu katikati ya habari za rafiki alichoka, akaushika mkono wangu akaupeleka kwenye titi lake akasema, "Hapa, mwalimu. Pana kitu." Tulikwenda naye hospitali wiki hiyo hiyo. Haikuwa saratani, lakini alikuwa amekaa na hofu hiyo zaidi ya mwaka.

Aliyeniadhibu ni Dama. Hakunipigia kelele. Aliacha tu kuja. Nilipomfuata kwake alinipa kiti, akanipa chai, akaendelea kupepeta mchele.

"Mimi nilikukogesha," akasema mwishowe. "Kile kidonda cha kwanza nilikiona kabla hata wewe hujathubutu kukitazama. Halafu hili ukaona mimi si wa kuambiwa."

"Nilidhani utaniona najipenda."

"Ningekuona unajipenda, ndiyo. Kisha ningekubebea begi."

Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha. Alipomaliza mchele akafunga mlango, akasema haya, nione. Nikafungua vifungo. Alilitazama kwa makini, kama anayechagua samaki sokoni, akainamisha kichwa huku na huku.

"Limekaa juu."

"Najua."

"Na hili lingine limezeeka. Sasa yameachana umri." Akanifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya zamani. Wiki iliyofuata akaja kwangu kurudisha godoro.

Tangu hapo nimejiapiza: nikiulizwa naumwa nini, nataja kiungo chenyewe kwa jina lake, apende asipende aliyeuliza. Juzi tu nimekwenda dukani nachechemea, muuza duka akaniuliza, "Vipi, mwalimu, mguu?" Nikamwambia si mguu, ni jipu, na nikamwambia liko wapi. Maskini, aliinamia mizani yake mpaka nilipoondoka.