Saa Saba ya Toronto

Dada yangu mdogo alipopanda ndege kwenda Toronto, mama alifunga. Si kwa siku tatu kama wafanyavyo kanisani kwao. Alisema tu kwamba hatatia kitu mdomoni mpaka miguu ya mtoto wake iguse ardhi. Mama ana vidonda vya tumbo. Akikosa chakula cha mchana tu, anajikunja kitandani.

Nami ndiye niliyemwambia mama saa ya kutua. Nafanya kazi ya kompyuta pale Kawangware, nachapia watu barua na kuwatafutia fomu, na kwa hiyo nyumbani nahesabiwa msomi. Niliitazama tikiti mara moja tu, kwa majivuno. Anaondoka saa tano usiku, anatua kesho yake saa saba mchana.

"Masaa kumi na nne, mathe. Hiyo si kitu," nilimwambia.

Kesho yake saa saba nilikuwa Gatwekera, nyumbani kwa mama. Alikuwa ameshasonga ugali, omena ziko mezani zimefunikwa sahani, simu ameiweka mapajani. Saa nane, kimya. Saa tisa jirani yake akaingia na kikombe cha chai.

"Mama, kunywa hata kidogo."

"Ashafika?" mama aliuliza. Jirani akarudi na chai yake.

Mimi nikikasirika nafoka, na nilikuwa na hofu, kwa hiyo nilifoka zaidi. Nilimwambia Mungu hahitaji mtu aumwe tumbo ili ndege iruke. Mama alikuwa amejishika ubavu, midomo imemkauka, na niliona aibu mara tu nilipofunga mdomo.

Nikaifungua tikiti tena kwenye simu, safari hii nikaisoma yote. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: kila saa ni ya mahali husika. Kule Toronto ilikuwa ndiyo kwanza saa mbili asubuhi. Kilomita kama elfu kumi na mbili, na mimi nilikuwa nimetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua kana kwamba anaenda Satellite, mtaa wa jirani tu.

"Mathe, nilikosea. Bado masaa tano."

Nilitarajia matusi. Alishusha pumzi, akafunga macho.

"Kumbe bado yuko juu," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshamzika." Kisha akaomba kitambaa cha maji ya moto, akakikandamiza tumboni.

Saa mbili na robo usiku simu ikalia. Dada alikuwa ametumia mtandao wa bure wa uwanja wa ndege.

"Nimefika, mama."

Mama alilia kidogo, akajipangusa kwa leso. "Umekula?"

"Sijakula. Walikuwa wanapitisha chakula kila saa, nikawa nakataa. Nilidhani wanauza. Ndio saa hii jirani yangu wa kiti ananiambia kilikuwa cha bure."

Nilicheka, mama akanitazama nikanyamaza.

"Na wewe, mama, umekula?"

"Mimi nimeshiba kabisa," mama alisema. "Tafuta chakula. Ukimaliza kula, unipigie."

Nikafunua sahani, nikamsogezea ugali uliokwisha kupoa. Aliusukuma kando taratibu, akaiweka simu mahali pa sahani.

"Acha mtoto ale kwanza," alisema.