Simu Aliyopokea Mume

Kwa miaka miwili nilikusanya takwimu katika hospitali moja wilayani Tarime. Utafiti wetu uliwafuatilia akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kujua kama vidonda vyao vimepona. Kila wiki niliwapigia simu, nikauliza maswali ya kwenye dodoso na kuweka alama ya vema.

Mama mmoja wa kijiji cha Kewanja hakuwa na simu, alikuwa anapokea mume wake. Mara tatu nilipiga, mara tatu akanijibu, "Anaendelea vizuri." Nikaweka vema kwenye "kimepona."

Mwisho wa ufuatiliaji tulitakiwa kumwona mgonjwa kwa macho. Nilifika kwao asubuhi, nikamkuta mama mkwe akianika mtama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanionyesha mlango kwa mkono.

Ndani, harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Mama yule alikuwa amelala ubavu, kichanga kikilia kando yake. Nilipofunua kanga, kidonda kilikuwa wazi, kinatoa usaha. Mwili ulikuwa wa moto.

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya pili," alisema kwa shida.

Nilimgeukia mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kwa nini uliniambia anaendelea vizuri?"

"Dada, siku ya kwanza ulisema wewe si daktari," alijibu akitazama chini. "Ukasema majibu yetu hayatabadilisha matibabu yake. Nikajua unasalimia tu. Mtu akikusalimia si unasema tuko salama?"

Ndivyo nilivyosema. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, nami nilikuwa naisoma mbiombio ili nimfikie mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Tulimbeba kwa gari la jirani hadi hospitali. Walimfungua tena, wakamtoa kizazi. Kichanga kile ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza. Siku ya nne nilipoenda wodini aliniuliza kama atazaa tena, nikagundua hakuna aliyemwambia. Nilimwita daktari wa zamu, nikabaki nimemshika mkono akielezwa. Hakulia. Aliomba apewe mtoto.

Kiongozi wa utafiti aliniambia nirekebishe fomu ya majibu ya mama yule.

"Na zile nyingine zilizojibiwa na waume?" nikamuuliza.

"Ripoti itachelewa," akasema.

"Najua."

Tulianza upya. Nilidai kuongea na mama mwenyewe, hata kama ni kwa simu ya jirani, na kwa Kikurya pale Kiswahili kilipokwama. Tukapata wengine wawili wenye vidonda vibichi, mmoja Genkuru, mwingine Kemambo. Wote walikuwa na vema yangu. Wote walitibiwa wakapona.

Yule wa Kewanja nilikutana naye miezi kadhaa baadaye, kwenye foleni ya chanjo. Mtoto alikuwa amenenepa. Tulisalimiana, akaniuliza habari za kazi. Nilishindwa kumjibu kwamba ni nzuri.